Malori ya mafuta yanapita, mbona Bujumbura hakuna petroli?

Swali la msomaji: "Mtaalamu, shikamoo. Mimi nauza dagaa na mawese hapa Kibirizi, Kigoma, na wateja wangu wengi ni Warundi. Miaka hii nikiwauliza mbona mnachelewa kuja, jibu ni lile lile: hakuna igitoro, yaani mafuta. Lakini nikienda Kasulu naona malori ya matangi yakielekea mpakani. Watu wanasema ni kwa sababu Burundi haina bahari. Mbona na sisi Kigoma hatuna bahari na petroli ipo? Je, shida yao itatufikia? La mwisho, mteja mmoja ameniomba nimtafutie madumu kumi ya petroli niyavushe kwa boti, atanilipa faranga kwa bei nzuri mno. Nifanyeje?"

Marahaba dada yangu. Hilo swali lako la Kigoma na bahari limewashinda watu waliosoma kuliko mimi na wewe. Nimesimamia malori ya mafuta ya transiti, yale yanayopita kwetu kwenda nchi jirani, kwa miaka mingi, na nimekaa kwenye vikao ambavyo mtu anasimama na kueleza kwa saa nzima kwamba Burundi inateseka kwa sababu ya jiografia. Hakuna aliyemuuliza: na Kigoma je?

Tuanze na umbali wenyewe. Reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina zaidi ya kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Bujumbura kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi na mpaka wa Kabanga, ni zaidi ya kilomita 1,500. (Malori mengi ya Burundi hupita huko Kabanga. Hayo unayoyaona Kasulu yakipandisha Manyovu ni sehemu tu.) Ukitazama bei kikomo za EWURA (mamlaka yetu ya udhibiti wa nishati na maji), zile zinazotangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, utaona lita ya petroli Kigoma inaizidi ya Dar kwa shilingi mia mbili na ushee. Basi hiyo ndiyo kazi ya umbali: inaongeza mia mbili. Inauma, lakini haijawahi kumlaza mtu kwenye foleni siku tatu.

Sasa tazama ng'ambo ya Burundi. Rwanda haina bahari, na mafuta yake mengi yanapita bandari hiyo hiyo ya Dar na barabara hiyo hiyo mpaka kupita Nyakanazi, kisha yanashika njia ya Rusumo. Kigali hawapangi foleni. Halafu kuna Uvira, upande wa Kongo, mwendo mfupi tu kutoka Bujumbura. Barabara za huko unazijua sifa zake, na usalama wake tusiuseme. Lakini Warundi ndio waliokuwa wakivuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira kutafuta mafuta. Kama tatizo ni bahari, Uvira ingekauka kwanza.

Uvira wana nini? Wana dola. Kongo dola inatembea sokoni kama faranga yao, muuza nyanya anaijua. Mfanyabiashara wa mafuta anauza kwa dola, ananunua kwa dola, lori linakuja. Na Kigoma tuna nini? Hatuna dola, ila tuna mfuko mkubwa tulioingia ndani yake. Mwenye kituo Mwandiga anamlipa kwa shilingi yule anayemuuzia mafuta kwa jumla. Dola ya kulipia meli haimhusu. Inatafutwa huko juu, kwenye mfuko ambao ndani yake kuna dhahabu ya Geita, watalii wa Serengeti na Zanzibar, korosho za Mtwara, na ushuru wa mizigo ya hao hao majirani. Kigoma ikikosa kuingiza hata dola moja mwezi mzima, petroli itakuja. Burundi ni kama Kigoma iliyoambiwa ijitegemee kwa mfuko wake wenyewe, na mfuko wenyewe ni kahawa, chai na dhahabu kidogo.

Tupige hesabu ili uone uzito wake. Nakupa namba za mfano. Lori moja la matangi hubeba kama lita 35,000. Tuseme lita ikifika Bujumbura, pamoja na usafiri, inasimama kwenye dola 1.20. Lori hilo ni dola 42,000. Tuseme kahawa inauzwa dola nne kwa kilo. Gunia la kilo 60 ni dola 240. Lori moja la petroli limekula magunia 175 ya kahawa. Mkulima kule Ngozi au Kayanza ana miti mia mbili, mia tatu. Sasa fikiria ni wakulima wangapi wachume, waoshe, waanike, ili lori moja limiminwe, na nchi ya watu zaidi ya milioni kumi inahitaji malori mangapi kwa siku. Na kahawa ni ya msimu. Petroli inachomwa kila asubuhi.

Huko nyuma pengo lilizibwa na misaada. Baada ya vurugu za mwaka 2015, Rais Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu, Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali mwaka 2016, na haukuirejesha njia hiyo mpaka 2022. Mwaka 2017 tayari mafuta yalikuwa ya mgao. Kwa hiyo akiba ya fedha za kigeni ilianza kuliwa mapema, na kufikia hii miaka ya karibuni imekuwa haitoshi hata miezi miwili ya manunuzi ya nchi. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta mwaka 2022, vilikuta kibuyu kimeshatoboka.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulipita haraka, na mimi naliona ndilo kiini. Nchi ikikosa dola, kuna njia mbili. Ya kwanza, uache bei ya dola ipande, petroli iwe ghali, watu walie lakini ipatikane kwa mwenye nazo. Ya pili, ushikilie bei ya dola na bei ya pampu kwa amri. Burundi ilichagua hiyo ya pili kwa muda mrefu. Mei 2023 Benki Kuu yao ilijaribu kulegeza, ikashusha faranga kwa mkupuo mmoja kutoka kama 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola. Haikutosha. Kufikia 2025 dola ya benki ilikuwa bado chini kidogo ya 3,000, na ya mtaani imeshavuka 6,000.

Sasa jiweke wewe ndiye mwagizaji. Lita yako ya dola 1.20, ukipata dola ya benki kwa 2,900, inakugharimu faranga 3,480. Ukiuza kwenye pampu kwa bei ya serikali, tuseme faranga 4,000, unapata faida kidogo. Ukikosa dola ya benki ukaenda mtaani ukanunua kwa 6,500, lita ile ile imekugharimu 7,800. Unaiuza 4,000. Umepoteza 3,800 kila lita. Lori zima, faranga milioni 133. Nani ataagiza? Kwa hiyo nchi nzima inangoja dola za benki, na benki inazo za kugawa kwa kijiko: kidogo kwa mafuta, kidogo kwa dawa, kidogo kwa mbolea. Na huyo anayebahatika kupata mafuta ya faranga 4,000 anajua mtaani yanauzwa mara mbili, mara tatu. Usimshangae akiyapitisha mlango wa nyuma. Mimi huwa siungi mkono magendo, lakini nikiona polisi wanawakimbiza vijana wa vidumu najua wanakimbiza kivuli. Aliyeyaumba magendo ni hizo bei mbili.

Kuna na mwendo wa malipo wenyewe, ambao mtu wa nje hauoni. Tanzania huagiza mafuta kwa pamoja, utaratibu ulioanza miaka ya 2011 na 2012, na meli moja hubeba shehena ya wengi, yetu na ya transiti. Lazima uagize miezi kabla. Benki ya mnunuzi itoe dhamana, na benki kubwa ya nje iikubali dhamana hiyo. Nchi ikishajulikana kwamba haina akiba, dhamana ya benki zake inakataliwa, au unaambiwa weka fedha taslimu kwanza. Ndiyo maana hata siku dola zikipatikana, mafuta hayaji kesho. Yanakuja baada ya wiki kadhaa, na yakifika yanakuta foleni imeshakuwa ndefu kiasi cha kuyameza kwa siku mbili. Watu wanasema "si yamekuja juzi?" Yalikuja. Yamekwisha.

Niliwahi kukaa siku kumi na moja kwenye mji mmoja kabla ya mpaka na malori sita yaliyojaa, sili zote nzima, karatasi zote sawa. Mteja wetu alikuwa hajalipa salio, kwa sababu benki yake ilikuwa haijapewa dola. Mwenye mali Dar akasema hakuna kuvuka. Madereva wakawa wanapika ugali pembeni ya lori lenye lita elfu thelathini na tano za petroli (usiniulize usalama), na ng'ambo kule jamaa mmoja ananipigia simu usiku kuuliza mmefika wapi. Ningemwambiaje? Nilimwambia ukweli: tunaziona taa zako.

Pengine sasa unafikiri nasema bahari haina maana kabisa. Inayo, ila ni siku njia inapofungwa. Mwaka 1965 Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakipita kusini. Yakabebwa kwa mapipa ndani ya ndege kutoka Dar es Salaam, na kwa malori kwenye barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi, mpaka bomba la TAZAMA lenye kilomita 1,710 lilipofika Ndola mwaka 1968. Mwanzoni mwa 2008, vurugu za uchaguzi wa Kenya ziling'oa reli Kibera, na bei za mafuta zikaruka Uganda, Rwanda mpaka Burundi. Na Mali, tangu Septemba 2025, wenye silaha wamekuwa wakichoma malori ya mafuta yanayotoka Senegal na Ivory Coast, hadi serikali ikafunga shule kwa wiki mbili. Hizo ni shida za njia. Ya Burundi ni nyingine: njia iko wazi, lori liko barabarani, fedha ndiyo haipo. Malawi nayo iliwahi kuugua ugonjwa huo huo mwaka 2011 na ikaurudia miaka hii, ingawa ina bandari nne za kuchagua, mbili zetu na mbili za Msumbiji.

Na hata mwenye bahari haponi akikosa dola. Unakumbuka 2023, dola ilipoadimika hapa kwetu? Kuna vituo vilifunga pampu mwishoni mwa mwezi na matangi yana mafuta, vikisubiri ile Jumatano bei ipande, na EWURA ikavifungia. Ile ilikuwa harufu tu ya kile ambacho mwenzako wa Rumonge, Burundi, anakila kila siku.

Matokeo yake kwao unayasikia kwa wateja wako kuliko ninavyoyajua mimi. Nauli zinapanda, mabasi yanapungua, watu wanatembea kwa miguu toka vitongojini mpaka mjini Bujumbura. Mboga na viazi vya milimani vinaoza juu wakati mjini chini havishikiki kwa bei. Gari la wagonjwa linatafuta mafuta kabla ya kutafuta mgonjwa. Lakini tokeo baya kuliko yote halionekani kwenye foleni. Kahawa inatakiwa itoke kwa mkulima ifike kiwandani kuoshwa siku ile ile ilipochumwa, la sivyo inaharibika ladha na bei. Gari la kuibeba halina dizeli. Chai vivyo hivyo. Kwa hiyo ukosefu wa mafuta unaikata kahawa, kahawa ndiyo dola, na dola ndiyo mafuta. Serikali nayo hukusanya kodi kwenye kila lita. Lita zisipouzwa kodi haipo, inakopa Benki Kuu, faranga zinachapwa, thamani inashuka tena. Ni nyoka anayejila mkia, na kila mwezi anakuwa mfupi zaidi.

Kuhusu sisi Kigoma. Tumeshafikiwa, ila polepole. Wateja wako wanachelewa, maana boti yenye injini ya petroli haivushwi kwa maneno. Wakija wananunua kidogo, kwa sababu faranga zao zinanunua shilingi chache kuliko mwaka jana. Vijiji vya Manyovu na Kagunga petroli inakauka ghafla siku ambazo hakuna sababu, kwa sababu madumu yameondoka usiku kwa pikipiki. Na bei ya nauli ya kwetu inapanda nayo. Faida moja ipo, nami sitaificha: bidhaa za viwandani ambazo Burundi walizoea kutengeneza wenyewe sasa wanazifuata huku, kwa hiyo duka la jumla Kigoma mjini linauza. Wewe wa dagaa hufaidiki nayo.

Watu watakuambia suluhisho ni miundombinu: meli ya mafuta MT Sangara ibebe kutoka Kigoma hadi bandari ya Bujumbura, reli ya kisasa ya kilomita 282 kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, ikamilike. Nazipenda zote mbili. Kusafirisha mafuta kwa reli mpaka ziwani kisha kwa meli ni nafuu kuliko kupandisha kila lori milima ya Burundi, na Kigoma itapata kazi. Lakini zitapunguza senti kadhaa kwenye ile dola 1.20. Dola yenyewe hazitaileta, isipokuwa siku reli hiyo itakapoanza kuteremsha nikeli ya Musongati kwenda kuuzwa. Hapo ndipo nitaamini.

Sasa madumu yako kumi. Nimejua kwa nini bei imekuvutia, ngoja nikuonyeshe ilivyo. Madumu kumi ya lita 20 ni lita 200. Tuseme hapa unanunua kwa shilingi 3,200: mtaji wako ni 640,000. Mteja anakuahidi, kwa mfano, faranga 10,000 kwa lita, yaani milioni mbili. Ukiibadili hiyo kichwani kwa bei ya benki ya faranga 2,900 kwa dola, na dola kwa shilingi 2,600, unapata kama milioni moja na laki nane. Mara karibu tatu ya mtaji! Ila hakuna benki itakayokubadilishia kwa bei hiyo, hakuna. Utabadilisha kwa watu wa mtaani, kwa 6,500. Hapo milioni mbili ni shilingi laki nane. Faida imebaki 160,000. Ukikaa nazo mwezi mmoja ukingoja, dola ikafika 7,500, zimekuwa kama 693,000. Faida 53,000, na hujalipa boti, mbebaji, wala wale wa njiani wanaotaka chao.

Na hiyo ni pale mambo yakienda sawa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inataka leseni kwa biashara ya mafuta, na vituo vimekuwa vikikatazwa kumimina kwenye madumu. Ukikamatwa, mafuta yanapimwa vinasaba, ile alama inayotiwa kwenye mafuta ya soko la ndani; vikikutwa, ni ya soko la ndani na unayatorosha; visipokutwa, utaulizwa umeyachota lori gani la transiti. Huna jibu zuri kwa lolote kati ya hayo. Halafu yatakaa wapi kabla ya boti kuondoka? Chumbani, karibu na jiko la mkaa? Kwenye boti yatakaa chini ya abiria, na nahodha anavuta sigara. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lilikuwa lori moja tu lililoanguka, na waliokufa walizidi mia.

Mwambie hapana, kwa upole, maana ni mteja na ana shida ya kweli. Muuzie dagaa. Akilipa kwa shilingi au dola, mpunguzie kidogo. Akilipa faranga, zihesabu kwa bei ya mtaani ya asubuhi ile, siyo ya wiki iliyopita, na uzibadilishe kabla jua halijazama. Akiomba mkopo, mpe wa mzigo mdogo, na deni liandikwe kwa shilingi.